SOMO LA TISA: LIVINGSTONE NA WATU WALIOMBEBA

Kabla ya kusoma

Ndugu mwanakisomo, simama Bungu kando ya barabara kuu. Upande mmoja magari yanakwenda Dar es Salaam. Upande wa pili yanakwenda Kibiti, Ikwiriri, Kilwa na Lindi. Mtu hupanda gari asubuhi, akafika mjini siku hiyo hiyo, na mzigo wake juu.

Zamani hapakuwa na gari. Mzigo ulikwenda kichwani au begani mwa mtu. Pembe za ndovu, sandarusi, chumvi na majora ya nguo, vyote vilibebwa na watu. Na watu wenyewe walifungwa, wakapitishwa njia hizo hizo kwenda kuuzwa.

Katika somo hili tutasoma habari za David Livingstone, mmisionari kutoka Uskoti. Jina lake linajulikana duniani kote. Tutasoma pia habari za Susi, Chuma, Jacob Wainwright, Farijala na Halima. Majina yao hayajulikani sana. Soma polepole, huku ukijiuliza swali hili: Safari ni ya nani? Ni ya yule anayeiongoza, au ni ya yule anayebeba mzigo?

1. Mtoto wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, akatoka saa mbili usiku.

Kutoka katika mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu. Alikiweka juu ya mashine, akasoma mstari mmoja mmoja kila alipopita. Usiku alikwenda darasani kwa saa mbili. Akirudi nyumbani alisoma tena, hata mama yake akamnyang'anya kitabu ili alale.

Wewe unayekuja darasani baada ya kutoka shamba unaijua hali hiyo. Macho ni mazito, lakini moyo unataka kujua.

Baadaye Livingstone alisomea udaktari na dini. Mwaka 1840 alipata cheti cha udaktari. Mwaka 1841 alifika Afrika Kusini, ametumwa na chama cha wamisionari cha London.

2. Simba na chifu mwanafunzi

Mwaka 1844 Livingstone alishambuliwa na simba mahali panapoitwa Mabotsa. Simba alimng'ata bega la kushoto na kuuvunja mfupa wa mkono. Mwalimu Mwafrika aliyeitwa Mebalwe aliinua bunduki. Simba akamwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumng'ata paja. Mwishowe simba alikufa kwa risasi alizokwisha kupigwa. Livingstone alipona, lakini mkono ule haukuwa mzima tena. Ukumbuke mkono huo, maana tutauona tena mwisho wa habari hii.

Mwaka 1845 Livingstone alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwingine Mskoti. Wakaishi na watu wa chifu Sechele, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Sechele alikuwa mtu mzima, tena mtawala, lakini hakuona haya kujifunza. Livingstone aliandika kwamba Sechele alizijua herufi zote siku ya kwanza. Mwaka 1848 alibatizwa, na baadaye akawa mwalimu wa watu wake mwenyewe.

Livingstone hakuwaingiza watu wengi katika dini yake. Kazi iliyompa jina ilikuwa kusafiri, kuchora ramani na kuandika. Kwa ajili ya safari hizo, Mary na watoto waliishi miaka mingi bila yeye, tena kwa shida.

3. Kutoka bahari hadi bahari

Mwaka 1853 Livingstone alitaka kutafuta njia ya kufika pwani. Hakuwa na fedha za kutosha wala watu. Aliyemsaidia ni Sekeletu, chifu wa Wakololo. Chifu huyo alimpa watu 27, ng'ombe wa kupanda na pembe za ndovu za kuuza njiani.

Walikwenda magharibi, wakafika Luanda, katika nchi ya Angola, mwaka 1854. Livingstone alikuwa mgonjwa sana. Nahodha wa meli ya Kiingereza alimwambia apande waende Ulaya. Alikataa. Alikuwa amewaahidi wale watu 27 kwamba atarudi nao kwao, naye akarudi nao.

Kisha Sekeletu alimpa watu wengine, zaidi ya 100, kwenda mashariki. Mwezi wa Novemba 1855 walimwonyesha maporomoko makubwa ya mto Zambezi. Wenyeji waliyaita Mosi-oa-Tunya, maana yake moshi unaonguruma. Livingstone aliyapa jina la malkia wa Uingereza, Victoria. Wengine wakasema Livingstone ndiye aliyeyagundua. Lakini mtu anayeonyeshwa kisima na wenyeji hakukigundua kisima hicho.

Mwezi wa Mei 1856 alifika Quelimane, pwani ya Msumbiji. Aliporudi Uingereza aliandika kitabu, akawa mtu mashuhuri.

Safari ya pili katika Zambezi, kuanzia 1858 hadi 1864, haikwenda vizuri. Maporomoko yaliizuia meli. Mary alifuata huko, akafa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862. Lakini katika miaka hiyo Livingstone alikutana na vijana wawili. Mmoja ni Chuma, mtoto wa Kiyao aliyefunguliwa katika kamba za watumwa mwaka 1861. Wa pili ni Susi, mtu wa Shupanga, aliyefanya kazi ya meli.

4. Kutoka Mikindani hadi Ujiji

Mwezi wa Januari 1866 Livingstone alifika Zanzibar. Alitaka kutafuta chanzo cha mto Naili. Mwezi wa Machi alishuka Mikindani, kusini mwa nchi yetu, akiwa na watu zaidi ya 30. Walikuwamo askari wa Kihindi, watu wa kisiwa cha Nzwani, vijana waliosoma India, na Susi na Chuma. Walikuwa pia na ngamia, nyati, nyumbu na punda.

Msafara uliifuata njia ya mto Ruvuma. Wanyama walikufa. Askari walirudishwa pwani. Watu wa Nzwani walimkimbia, wakafika Zanzibar wakasema Livingstone ameuawa. Mwaka 1867 watu walitumwa kuchunguza, wakaona kwamba habari hiyo ni ya uongo. Mwaka huo huo mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Tangu hapo Livingstone aliugua bila dawa ya kutosha.

Njiani aliona miili ya watumwa waliokufa kwa njaa na kuchoka. Wengine walikuwa wamefungwa mtini, wameuawa kwa sababu hawakuweza kutembea tena. Aliandika yote aliyoyaona.

Lakini hapa kuna jambo gumu. Livingstone alichukia biashara ya watumwa, na huku mara nyingi aliokolewa na wafanyabiashara hao hao. Walimpa chakula, walimuuguza, na walimbeba alipokuwa hawezi kutembea. Mwezi wa Machi 1869 alifika Ujiji pamoja na msafara wa mmoja wao.

5. Wino wa miti

Mwaka 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Karatasi zilikuwa zimekwisha. Wino ulikuwa umekwisha. Akachukua magazeti ya zamani, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa. Wino aliutengeneza kwa maji ya mmea.

Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Wanawake wengi walileta samaki, unga, kuku na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kupiga. Watu walikimbilia mtoni. Mitumbwi ilijaa, ikazama. Wengi walikufa maji. Makadirio ya siku ile yalikuwa kwamba walikufa watu kati ya 300 na 400.

Livingstone hakuwa na nguvu ya kuwazuia wauaji. Alichoweza kufanya ni kuandika. Alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba, mgonjwa, tena hana kitu. Baada ya siku chache Susi alikuja mbio kumpa habari kwamba amekuja Mzungu. Alikuwa Henry Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani. Alileta chakula, dawa na barua. Stanley alipoondoka mwezi wa Machi 1872 alichukua maandishi ya Livingstone, akayapeleka Uingereza.

Habari za Nyangwe ziliwashtua watu. Serikali ya Uingereza ilizidi kumbana Sultani Barghash wa Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani alitia saini mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Magazeti yale ya Nyangwe yalikuwa yamefifia hata hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu walitumia mwanga maalumu, na maandishi yakasomeka tena. Mtu alikuwa amekufa miaka 138, lakini ushahidi wake ulikuwa bado unasema.

6. Kifo katika kijiji cha Chitambo

Livingstone hakukubali kurudi kwao na Stanley. Alibaki Unyanyembe, karibu na Tabora. Stanley alimtumia watu wapya 57 kutoka pwani. Mmoja wao alikuwa Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India.

Mwezi wa Agosti 1872 walianza safari tena. Mvua ilinyesha sana, na nchi ilijaa maji. Livingstone alitokwa damu, akadhoofika. Watu wake walimbeba mabegani, kisha katika machela. Walifika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Amekufa.

Mkataba wa Zanzibar ulikuwa bado siku 35. Livingstone hakuujua kabisa.

Sasa fikiri, ndugu mwanakisomo. Watu wako mbali na kwao. Bwana wao amekufa. Hakuna wa kuwalipa wala wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika hapo hapo na kutawanyika. Hakuna ambaye angewauliza.

Walifanya baraza. Waliwachagua Susi na Chuma kuwa viongozi. Wakakata shauri kumpeleka kwao, pamoja na vitabu vyake vyote.

Jambo la kwanza, Jacob Wainwright aliitwa ili aandike orodha ya vitu vyote vya marehemu, kimoja kimoja. Walijua kwamba neno la mdomo linaweza kukataliwa. Orodha iliyoandikwa ni shahidi.

Jambo la pili, Farijala aliupasua mwili. Alikuwa amewahi kumtumikia daktari Zanzibar. Moyo ulizikwa chini ya mti, na Jacob akasoma sala. Kisha akachonga jina na tarehe katika gome la mti. Chifu Chitambo na watu wake waliomboleza pamoja nao. Mwili ulitiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14. Ukafungwa kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai.

7. Njia ya Bagamoyo

Safari ilikuwa ya zaidi ya kilometa 1,500. Wapagazi walikuwa kama 60, pamoja na wanawake na watoto. Mmoja wa wanawake hao alikuwa Halima, mpishi wa Livingstone. Watu wengi waliugua njiani. Wengine walikufa.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe. Hapo walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Aliwashauri wauzike mwili hapo. Walikataa. Walikuwa wapagazi, naye alikuwa afisa, lakini katika jambo hili shauri lilikuwa lao.

Mbele yao kulikuwa na vijiji vilivyoogopa kupitisha maiti. Wakafanya hila. Walitengeneza mzigo wa uongo, wakaonekana wakiurudisha nyuma ili kwenda kuuzika. Mwili wenyewe waliufunga upya kama mtumba wa nguo. Wakapita.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Safari ilikuwa imechukua kama miezi tisa. Mwili uliwekwa katika kanisa la wamisionari Wakatoliki, kisha ukachukuliwa na meli. Wapagazi walilipwa mshahara wao, wakaambiwa waende zao.

Jacob Wainwright peke yake alisafirishwa pamoja na mwili. Huko London daktari aliutazama mkono wa kushoto. Akauona mfupa uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma. Hapo wote wakasadiki kwamba ni Livingstone. Alizikwa tarehe 18 Aprili 1874 katika kanisa la Westminster Abbey, mahali walipozikwa wafalme.

Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha kupita. Walisaidia kueleza maandishi ya Livingstone, na mwaka huo huo yakatolewa kitabu. Nishani 60 zilitengenezwa kwa ajili ya wapagazi. Zilipofika Zanzibar mwaka 1875, wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

8. Wakati huo huo, huku kwetu

Mkataba wa 1873 ulifunga njia ya bahari. Haukufunga njia ya nchi kavu. Wafanyabiashara wakawatoa watumwa Kilwa kwa miguu, wakawapandisha kaskazini kwa kufuata pwani. Njia hizo zilipita katika nchi ambayo leo ni Kilwa, Rufiji, Kibiti na Mkuranga.

Kapteni Elton, afisa wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alitumwa kutazama. Alitoka Dar es Salaam akaenda Kilwa. Kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, katika muda wa mwezi mmoja, alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopita. Basi, siku zile mwili wa Livingstone ulipokuwa unakaribia Bagamoyo, watu wetu walikuwa bado wanasukumwa kwa minyororo katika njia hii. Mwaka 1876 Sultani alikataza na njia ya nchi kavu. Hata hivyo utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Tusiseme kwamba ni taifa moja tu lililokuwa na hatia. Wanunuzi walikuwa Waarabu, Waswahili na Wahindi. Katika karne ya 18 Wafaransa nao walinunua watu Kilwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao. Na machifu wengine wa bara waliwauza jirani zao. Tena ramani za wasafiri kama Livingstone zilikuja kutumiwa na wakoloni walioigawanya Afrika.

Chuma alifika pia katika bonde letu la Rufiji. Mwaka 1879 aliongoza wapagazi wa msafara uliotoka Dar es Salaam chini ya Waskoti wawili, Keith Johnston na Joseph Thomson. Johnston alikufa kwa kuhara damu huko Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji, mahali ambapo sasa ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Thomson alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Chuma aliyajua mambo ya msafara kuliko yeye. Walifika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Susi alifariki huko huko mwaka 1891.

9. Tumejifunza nini?

Livingstone alikuwa mtu shupavu, na aliandika. Kwa hiyo anakumbukwa. Wapagazi wake walikuwa shupavu vile vile, lakini wengi wao hawakujua kuandika. Kwa hiyo majina yao mengi yamepotea. Tunamjua Jacob Wainwright kwa sababu alishika kalamu. Tunawajua Susi na Chuma kwa sababu walieleza na mtu mwingine akaandika.

Mwenye kuandika huchagua jina la kuweka na jina la kuacha. Sasa wewe pia unaweza kuandika.

Maneno ya kujifunza

Jora: kitambaa kirefu kilichokunjwa pamoja, bado hakijakatwa.
Machela: kitanda cha kubebea mgonjwa.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa saini.
Mmisionari: mtu aliyetumwa kufundisha dini ya Kikristo mbali na kwao.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo ya msafara.
Mtumba: mzigo wa nguo uliofungwa.
Nishani: alama ya heshima apewayo mtu kwa kazi njema.

Maswali

1. Livingstone alisoma wakati gani alipokuwa anafanya kazi kiwandani?
2. Kwa nini alikataa kupanda meli huko Luanda?
3. Alitumia nini badala ya karatasi na wino huko Nyangwe?
4. Kwa nini Jacob Wainwright aliandika orodha ya vitu vya marehemu?
5. Kwa nini wapagazi walitengeneza mzigo wa uongo?

Tujadiliane

1. Livingstone aliokolewa na watu ambao biashara yao aliichukia. Je, alifanya vibaya kupokea msaada wao?
2. Cameron aliwashauri wapagazi wauzike mwili Unyanyembe. Kama ungekuwa Susi au Chuma, ungefanya nini? Toa sababu.

Kazi ya kuandika

Mwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke. Mwombe akueleze habari za watu wa zamani katika ukoo wake: waliobeba mizigo, waliojenga, waliozalisha wanawake, waliopiga makasia katika delta. Andika majina matano. Mbele ya kila jina andika sentensi moja juu ya kazi ya mtu huyo. Uje nayo darasani, uisome kwa sauti.